Sura ya 7: Mbona Herufi Zangu Zimegeuka Njiani?

"Kwangu kozi ilikaa vizuri kabisa. Mbona wanafunzi wanasema herufi zimeharibika?"

Karibu kila anayeanza kutengeneza kozi za mtandaoni huuliza swali hili. Amekesha akipanga somo, amechagua mwandiko wa kupendeza, amechapisha. Kesho yake ujumbe unaingia. Vichwa vya habari vimegeuka kuwa maandishi ya kawaida, neno la mwisho limemwagika nje ya kitufe, na mahali pengine pana vijisanduku vitupu badala ya herufi. Lawama ya kwanza huiendea simu ya mwanafunzi, ya pili mtandao. Mara nyingi vyote viwili havina kosa.

Nakuru na sehemu za kati za Bonde la Ufa zina sababu ya kulijali swali hili. Pale Njoro kuna Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo. Kuna Chuo Kikuu cha Kabarak, kuna tawi la KMTC linalofunza wahudumu wa afya, na kuna taasisi nyingi ndogo zinazofunza wakulima, mafundi na wafanyakazi wa mashamba ya maua ya Naivasha. Tangu Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona, mafunzo mengi yamezoea kupita mtandaoni. Mwaka 2023 Kenya ilianzisha hata Chuo Kikuu Huria kinachofundisha kupitia mtandao.

Tena huku lugha ni nyingi. Ukiacha Kiswahili na Kiingereza, Gĩkũyũ kinasikika Bahati, Subukia, Njoro na Molo, Kikalenjin Rongai na Kuresoi, na Kimaasai ukielekea Narok. Anayewaandikia watu hawa hawezi kuchagua herufi kwa urembo peke yake.

Jibu fupi la swali letu ni hili: maandishi husafiri, lakini fonti haisafiri nayo mpaka uifungashe. Sura hii inaeleza namna ya kuifungasha.

Maandishi ni namba, fonti ni michoro

Unapobonyeza kitufe cha kuandika, kompyuta haihifadhi umbo la herufi. Huhifadhi namba. Namba hizo zimepangwa katika orodha moja ya dunia nzima iitwayo Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991. Kila herufi ina namba yake humo, iwe ya Kilatini, Kiarabu, Kiamhari au Kichina. Herufi ĩ ya Gĩkũyũ ni U+0129, na ũ ni U+0169.

Fonti ni faili nyingine kabisa. Ndani yake mna michoro: namba hii ichorwe hivi, ile ichorwe vile. Kila kifaa hutoka kiwandani na fonti zake chache. Simu nyingi za Android zina Roboto, kompyuta za Windows zina Arial, Calibri na Times New Roman. Fonti yoyote uliyoiongeza mwenyewe, kwa mfano ile ya nembo ya taasisi yako, tutaiita fonti maalumu.

Kozi inapofika kwenye simu, inakuja na namba pamoja na ombi: "Nichore kwa fonti fulani." Ni sawa na kumpelekea fundi cherehani vipimo bila kitambaa. Nguo utashonewa, ila kwa kitambaa alichonacho dukani. Simu isiyo na fonti yako huchukua iliyo karibu. Na kwa kuwa fonti hutofautiana upana, neno lililotosha kwenye kitufe chako linaweza lisitoshe kwenye kitufe kilekile upande wa pili.

Hapa ndipo kompyuta yako inapokudanganya. Wewe umeiweka fonti ile kwenye mashine yako, kwa hiyo kila unapofungua kozi unaiona, hata kama ndani ya kozi yenyewe haimo. Jaribio la kwenye kompyuta ya mtengenezaji halithibitishi kitu.

*Kwa ufupi:* Maandishi ni namba. Fonti ni faili ya michoro. Kozi iliyobeba namba bila michoro itachorwa kwa fonti ya mwenyeji.

Mahali panne fonti inapopotelea

Kozi hupita vituo vinne kabla ya kusomwa, na kila kimoja kina hila zake:

1. Faili ya fonti yenyewe, ambayo huenda haina herufi za lugha yako.
2. Programu ya kutengenezea kozi, ambayo huenda haikuiweka fonti ndani ya kozi.
3. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi kozi na kuwagawia watu, ambayo huenda haiipati fonti au haina ruhusa ya kuitoa.
4. Simu na kivinjari cha mwanafunzi, ambavyo huenda havipokei fonti za nje kabisa.

Ukijua tatizo liko kituo gani, umemaliza nusu ya kazi. Tuvipitie kimoja kimoja.

Kituo cha kwanza: je, fonti ina ĩ na ũ?

Hiki ndicho kituo ambacho vitabu vya kigeni hukiruka, kwa sababu waandishi wake hawana shida hiyo. Sisi tunayo. Gĩkũyũ kina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa kwa kiwimbi juu: ĩ na ũ. Kikamba nacho huzitumia. Kimaasai, kwa waandishi wanaotofautisha irabu zake zote, huhitaji ɛ, ɔ, ɨ na ʉ. Kikalenjin kwa kawaida hutosheka na herufi za kawaida.

Tuseme mwalimu wa kilimo huko Bahati anaandaa kozi yenye neno mũgũnda, yaani shamba. Amepata fonti nzuri mtandaoni, lakini mchoraji wake aliwafikiria Waingereza na Wafaransa tu. Fonti hiyo ina é na ç, haina ũ. Kivinjari hakikati tamaa. Kinachora m, g, n, d na a kwa fonti yake, halafu kinaazima ũ kutoka fonti nyingine ya simu. Neno linatoka na viraka: herufi mbili nene kidogo, au fupi kidogo, katikati ya wenzake. Pasipo na fonti yoyote yenye herufi hiyo, kinatokea kijisanduku.

Kuna njia rahisi ya kuchagua. Kivietinamu nacho hutumia ĩ na ũ. Kwa hiyo fonti inayotangazwa kuwa inafaa kwa Kivietinamu itakuwa na herufi za Gĩkũyũ pia, hata kama aliyeichora hajawahi kusikia habari za Molo. Kwenye hazina ya Google Fonts, iliyofunguliwa mwaka 2010, unaweza kuchuja fonti kwa lugha. Lakini angalia mtego mmoja. Fonti za huko hugawanywa vipande ili zisipakie data nyingi, na kipande cha Kilatini cha msingi hakina ĩ wala ũ. Ukipakua hicho peke yake ukakiweka kwenye kozi, utakuwa umeiacha nusu ya fonti nyuma.

Fonti ambazo hazitakuangusha zipo. Andika, iliyotengenezwa na shirika la SIL kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma, ina herufi zote tulizozitaja, za Kimaasai zikiwemo. Charis SIL nayo inazo, na Noto Sans ya Google imekusudiwa kuhudumia lugha nyingi kadiri inavyowezekana.

Jambo la pili ni namna herufi ilivyochapwa. Herufi ũ inaweza kuandikwa kwa namba moja, U+0169, au kwa namba mbili: u ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi kinachoelea, U+0303. Kwa macho zinafanana. Kwa fonti iliyochorwa ovyo, kiwimbi cha aina ya pili hukaa pembeni, au hudandia herufi inayofuata. Jizoeze kutumia ya kwanza. Ukipokea maandishi ya mtu mwingine, tafuta na ubadilishe kabla ya kuyaweka kwenye kozi.

Zaidi ya hapo, usirithi njia za mkato za zamani. Kabla Unicode haijaenea, wengine waliandika î na û zenye kofia kwa kuwa ndizo zilizopatikana. Wengine walichezea fonti, wakachora ũ kwenye nafasi ya alama nyingine. Maandishi ya aina hiyo yakifika kwenye simu isiyo na fonti ile iliyochezewa, yanakuwa fujo. Hata yakionekana sawa, programu inayomsomea asiyeona hutamka kitu kingine, na anayetafuta neno ndani ya kozi halipati.

Usisahau kibainishi cha ng'. Neno kama ng'ombe linaweza kuandikwa kwa alama iliyonyooka au iliyopinda. Chagua moja uitumie kozi nzima, hasa kwenye maswali ya kujaza pengo. Ukiweka jibu lenye alama iliyopinda, na simu ya mwanafunzi ikaandika iliyonyooka, mfumo utamkosesha mtu aliyejibu sawa.

Kwa kujaribu haya yote kwa mara moja, andika jina la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o. Lina ũ, lina ĩ, lina ng'. Kisha liandike kwa herufi kubwa, NGŨGĨ, kwa sababu viwimbi vya herufi kubwa hupanda juu zaidi, na kitufe chenye nafasi ndogo huvikata.

*Kwa ufupi:* Chagua fonti kwa lugha za wanafunzi kwanza, kisha urembo. Inayofaa Kivietinamu inafaa Gĩkũyũ. Tumia ũ ya namba moja.

Kituo cha pili: kufungasha

Wengi huanzia PowerPoint. Ndani ya mipangilio yake ya kuhifadhi kuna kisanduku kilichoandikwa "Embed fonts in the file". Kisipotiwa alama, faili inaondoka bila fonti. Kikitiwa, utaulizwa kama unataka herufi zilizotumika tu au zote. Zilizotumika tu hufanya faili iwe nyepesi, lakini mwenzako akiifungua kusahihisha na kuongeza neno lenye herufi ambayo hukuitumia, herufi hiyo haitakuwemo. Kwa faili inayohaririwa na wengi, chagua zote. Kwa maandishi ya kusoma tu, igeuze iwe PDF, kwa kuwa PDF kwa kawaida hubeba fonti zake.

Programu maalumu za kutengenezea kozi, kama Articulate Storyline, hutoa kozi kama kurasa za wavuti. Kurasa za wavuti hupokea fonti kwa tamko liitwalo @font-face, ambalo hukiambia kivinjari mambo mawili: jina la fonti, na mahali faili yake ilipo. Faili inayofaa siku hizi ni ya aina ya WOFF2, iliyoidhinishwa kuwa kanuni ya wavuti mwaka 2018. Ni fonti ileile, imebanwa ili iwe nyepesi kupakua.

Hakikisha umetia kila uzito unaoutumia. Herufi nene ni faili yake, herufi za mlazo ni faili yake. Ukiweka ya kawaida peke yake kisha ukaagiza maandishi mazito, kivinjari hunenepesha kwa kukisia, na herufi hutoka zimevimba.

Kozi iliyokamilika mara nyingi hufungwa kwa mtindo wa SCORM, yaani kifurushi cha zipu ambacho mifumo mingi ya mafunzo, Moodle ikiwemo, inajua kukifungua. Toleo la 1.2 la mwaka 2001 bado linatumika sana. Fungua zipu hiyo uitazame: je, faili za fonti zimo? Kama kozi inazifuata Google kila inapofunguliwa, mwanafunzi aliyeipakua kwenye programu ya simu ya Moodle ili aisome bila mtandao hatazipata. Fonti ikae ndani ya kifurushi.

Kwa wanaoandika moja kwa moja ndani ya Moodle, kosa la kawaida ni kunakili kutoka Word. Maandishi huja yameburuta jina la fonti ya Word bila fonti yenyewe. Bandika bila mtindo, halafu mwombe msimamizi wa mfumo aiweke fonti ya taasisi mara moja kwa kozi zote. Kuiweka ukurasa kwa ukurasa ni kujitafutia taabu.

Kituo cha tatu: seva na masharti yake

Fonti imo kwenye kifurushi, kozi imepakiwa, na bado haionekani. Chunguza mambo haya manne:

- Herufi kubwa na ndogo za jina la faili. Windows haitofautishi Kichwa.woff2 na kichwa.woff2. Seva nyingi hutumia Linux, ambayo huziona kuwa faili mbili tofauti. Yaliyofanya kazi kwenye kompyuta yako hufa pale. Tumia herufi ndogo tupu, bila nafasi.
- Ruhusa ya kuvuka. Kozi ikiwa kwenye anwani moja na fonti kwenye nyingine, kivinjari huikataa fonti mpaka seva yake itangaze kwamba inaruhusu. Picha hazibanwi hivyo, ndiyo maana picha zinaonekana na fonti hazionekani. Dawa nyepesi ni kuweka vyote kwenye anwani moja.
- Usalama wa anwani. Ukurasa unaoanza kwa https haukubali fonti inayoitwa kwa http.
- Seva ya zamani. Baadhi hazitambui faili ya WOFF2 na hukataa kuitoa. Msimamizi anatakiwa kuiongeza kwenye orodha ya aina zinazojulikana.

Ili kujua ni lipi, fungua kozi kwa Chrome kwenye kompyuta, bofya neno kwa kitufe cha kulia, uchague "Inspect". Chini kabisa ya sehemu ya "Computed" utaona jina la fonti iliyotumika kweli kulichora neno hilo. Sehemu ya "Network" itakuonyesha kama faili ya fonti ilifika. Ukiona namba 404, haikupatikana mahali ulipoitaja.

*Kwa ufupi:* Anwani moja, majina ya herufi ndogo, https kote.

Kituo cha nne: simu na bando

Mwanafunzi wa Kuresoi anayenunua bando kwa siku hana sababu ya kulipia urembo wako. Tuseme umeweka faili 4 za fonti, kila moja KB 60. Hizo ni KB 240 kabla hajasoma neno hata moja. Kwa wanafunzi 200 ni MB 48 zinazolipwa na watu mbalimbali ili waone kichwa chako kilivyopambwa. Fonti mbili zinatosha kozi yoyote: moja ya vichwa, moja ya maelezo. Na kwa maelezo marefu, fonti ya simu yenyewe si aibu.

Vivinjari vingi, vikisubiri fonti ifike, huficha maandishi kwa muda wa hadi sekunde 3 hivi. Penye mtandao hafifu mwanafunzi huona ukurasa mweupe, akadhani kozi imekwama. Mwambie mtaalamu wako aongeze agizo la font-display likiwa na thamani ya swap. Maandishi yatatokea papo hapo kwa fonti ya simu, kisha yatabadilika fonti yako ikifika.

Wapo pia wanaotumia Opera Mini kuokoa data. Inapobana kurasa kwa nguvu zote, ukurasa huandaliwa kwenye seva za Opera kabla ya kutumwa, na fonti maalumu haziji. Hilo huwezi kulirekebisha, lakini unaweza kulitarajia. Taja fonti mbadala baada ya yako, na upange vitufe na majedwali yenye nafasi ya kutosha ili mbadala huyo akija asivunje chochote.

Neno kuhusu leseni

Fonti ni kazi ya mtu. Kuwa nayo kwenye kompyuta hakukupi haki ya kuiweka kwenye seva. Calibri, kwa mfano, huja na bidhaa za Microsoft, lakini kuisambaza kama fonti ya wavuti kunahitaji leseni nyingine. Kwenye Windows, fungua sifa za faili ya fonti: utaona kama inaruhusu kufungashwa au imezuiwa, na PowerPoint huheshimu kizuizi hicho. Ndiyo maana fonti nyingine hukataa kuingia kwenye faili hata ukitia alama.

Salama ni fonti zenye leseni huria ya SIL, iitwayo OFL. Inakuruhusu kuitumia fonti, kuiweka kwenye kozi na kuisambaza, hata kozi ikiwa ya kuuza, ilimradi huiuzi fonti yenyewe peke yake. Andika, Charis SIL na Noto zote zina leseni hiyo.

Orodha ya ukaguzi kabla ya kuchapisha

1. Fonti ina herufi za lugha zote za kozi, kubwa na ndogo.
2. Leseni inaruhusu kuiweka mtandaoni.
3. Faili za WOFF2 zimo ndani ya kifurushi, kila uzito na yake.
4. Majina ya faili ni ya herufi ndogo, bila nafasi.
5. Fonti mbadala imetajwa, na vitufe vina nafasi.
6. Jina la Ngũgĩ wa Thiong'o linasomeka sawa kwenye kichwa, kwenye kitufe na kwenye swali la mtihani.
7. Kozi imefunguliwa kwenye simu ambayo haijawahi kuwekwa fonti hiyo, na si ya mtengenezaji.

Ukikosa muda wa yote, usiruke la saba. Azima simu ya bei nafuu ya mtu unayemfundisha, zima Wi-Fi, ufungue somo la kwanza kwa data yake. Kasoro utakayoiona hapo irekebishe kabla ya kuwaita wanafunzi, kwa maana wao wakikutana nayo wengi hawatakuandikia kulalamika. Watafunga ukurasa na hawatarudi.